Kibao cha Ufito

Waliowahi kufika Kadiria wakirudi huwa hawanyamazi. Watakusimulia habari za Jumba na vibao vyake mpaka chai ipoe. Hassani Nandonde peke yake hapendi kuigusa habari hiyo. Ukimtajia Kadiria atakujibu kwamba hewa yake ni nzuri na watu wake wana adabu, kisha atakuuliza kama kwenu mvua imeshanyesha. Haya yanayofuata aliyasema mara moja tu, bila kuulizwa, siku aliyokuwa akimenya muhogo uani kwake, na hakumtazama mtu usoni mpaka alipomaliza.

Alifikaje huko, tusipoteze muda. Nchi za namna ile mtu hujikuta yumo, vumbi la safari lingali viatuni, anaulizwa jina lake na kazi yake. Nandonde alisema kwamba yeye ni mwalimu mstaafu, aliyesahihisha insha kwa miaka thelathini na mmoja, na kwamba ametoka kuiona dunia kabla magoti hayajamkatalia. Wenyeji waliposikia neno insha walitazamana wakatabasamu, na mmoja akaenda mbio kumwita Bwana Shaweji.

Shaweji ndiye aliyekuwa Mkadiriaji Mkuu. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza, wa wale ambao hata wakikunyima kitu unaondoka ukiwashukuru. Alimshika mgeni mkono akampeleka moja kwa moja kwenye Jumba, kwa kuwa huko ndiko kunakoanzia na kuishia kila kitu cha nchi ile.

Nchi nyingine zina jeshi au bandari za kujivunia. Kadiria ina Kitabu cha Wote. Kinaitwa kitabu lakini hakina jalada. Kimetandazwa kwenye kuta za Jumba lenye vyumba zaidi ya mia nne, kila makala na ubao wake: makala ya mvua, makala ya kichwa kuuma, makala ya jinsi ya kufuga nyuki. Kwa sheria ya zamani, iliyochongwa juu ya mlango, mtu yeyote anaweza kuingia akaandika, akafuta na akasahihisha, awe mkulima au mkuu wa wilaya. Kando ya kila ubao ilining'inia kalamu kwa uzi. Kila alasiri makarani hunakili kile kilichoulizwa na watu wa mbali, na wapanda farasi huzipeleka nakala hizo, zenye muhuri wa Jumba, hadi mabonde ya mwisho, ambako watu huzisoma na kuzifuata. Nandonde aliposikia hayo machozi yalimlengalenga. Alisema maisha yake yote amekuwa akiota kitu cha namna hiyo. Kisha akashika kalamu moja, akaona wino wake umekauka. Akashika ya pili, nayo imekauka.

Shaweji alimweleza, wala hakuona aibu, kwamba siku hizi watu hawaandiki sana. Kazi kubwa ya nchi, kama jina lake linavyosema, ni kukadiria. Chini ya kila makala kulikuwa na vibao viwili vya mti. Cha kwanza kilikuwa cha ubora: makala changa huitwa Mbegu, iliyokua kidogo huitwa Mche, na iliyokamilika huitwa Mti. Cha pili kilikuwa cha umuhimu, nacho kilikwenda kwa majina ya miti ya kujengea nyumba: jambo kubwa kabisa ni Nguzo, la kati ni Boriti, na jambo dogo ni Ufito. Nandonde, ambaye amekulia kwenye nyumba ya udongo, alitaka kuuliza ni ukuta gani uliowahi kusimama bila fito. Hakuuliza, maana ndiyo kwanza amefika.

Siku zilizofuata alizikusanya sheria zao kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa kialimu. Mkadiriaji hasomi makala. Huipima urefu kwa kijiti, akahesabu tanbihi zake, yaani zile namba ndogo za chini zinazosema habari imetoka kitabu gani, akaangalia kama ina picha, basi. Kusoma, alisema Shaweji, ni kazi ya wasomaji. Mkadiriaji akianza kusoma ataanza kupenda na kuchukia, na hapo kazi imeharibika. Tena, ajuaye jambo haruhusiwi kulikadiria. Hiyo waliiita Sheria ya Upendeleo, na waliionea fahari kuliko zote. Makala ya kujifungua ilikuwa imekadiriwa na wazee watatu wa kiume wasio na watoto, nayo ilikuwa Mbegu na Ufito. Makala ya upofu alipewa mtu mwenye macho makali kuliko wote mjini.

Umuhimu nao ulipimwa kwa ugomvi. Jambo lililobishaniwa sana ndilo jambo kubwa. Makala ya maji ya kunywa ilikuwa Ufito, kwa kuwa tangu Jumba lijengwe hakuna aliyewahi kubisha kwamba watu hunywa maji. Lakini makala ya kofia ya Mkadiriaji Mkuu wa tatu ilikuwa Nguzo, tena Mti: ilikuwa na tanbihi mia nne na kumi na mbili na picha tisa, na kulikuwa na ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana miaka sita kwa sababu ya kishada chake, kama kilikaa kulia au kushoto. Nandonde alihudhuria siku nzima ya mjadala wa kofia hiyo. Msemaji mmoja alilia, akapewa maji, akaendelea.

Sheria iliyokausha wino ilikuwa ya mwisho kuandikwa daftarini. Makala ikiguswa, hata kwa nukta, vibao vyake vinateremshwa, kwa hoja kwamba si ile tena iliyokadiriwa. Makala isiyo na vibao hufunikwa kwa pazia jeusi, haisomwi wala hainakiliwi mpaka ikadiriwe upya. Zile anazozipa mkadiriaji Nguzo au Boriti hufunguliwa siku hiyohiyo. Za Ufito hungoja zamu, na zamu hiyo ilikuwa imefika miaka tisa. Kwa hiyo mtu akiona kosa kwenye makala ndogo hutazama huku na huku, akajikohoza, akapita. Wenyeji waliuita huo uungwana.

Nandonde alicheka sana, peke yake, chumbani kwa wageni. Alipanga kuwasimulia walimu wenzake akirudi, na hata alishajua ni wapi pa kunyamaza kidogo ili wacheke.

Kicheko hicho hakikumaliza wiki. Siku ya sita Shaweji alimwita ukumbini, akasema mbele ya watu kwamba mtu aliyetoa maksi kwa miaka thelathini na mmoja si mgeni Kadiria, ni ndugu aliyechelewa njiani. Akamvika kofia ya Mkadiriaji Mgeni, ya buluu, yenye kishada chake, akamkabidhi kijiti cha kupimia na mfuko wa vibao. Watu wakapiga makofi. Nandonde alikuwa amestaafu bila kuagwa hata kwa kikombe cha chai. Barua ya kumshukuru ilikuwa imekosewa jina. Aliipenda kofia ile. Anakiri mwenyewe kwamba aliipenda, na kwamba alipokuwa akielekea kazini alijiangalia kwenye kioo cha dirisha mara mbili.

Siku ya kwanza alikadiria makala arobaini bila kusoma hata moja, na alishangaa jinsi mkono wake ulivyoizoea kazi ile. Halafu akakumbuka kwa nini. Miaka yake ya mwisho darasani, akiwa na wanafunzi tisini na zaidi, alikuwa akitazama urefu wa insha na uzuri wa mwandiko, anatia saba au anatia nne, anafunga daftari. Wako watoto waliomwandikia habari za misiba yao akawapa nne. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, na siku ile pia hakusema.

Bi Somoe alifika Jumanne asubuhi, wakadiriaji wakiwa wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye miguu iliyopasuka kwa mwendo, na kichwani amebeba kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka Bonde la Kusini, mwendo wa siku nane kwa miguu. Aliwasalimia wote, akakitua kikapu sakafuni mbele yao, akaketi chini kando yake. Nandonde, aliyekuwa karibu zaidi, aligeuza uso upande wa pili.

Mama yule alisema kwamba kikapuni mna muhogo mchungu uliolowekwa, na kwamba yeye ndiye aliyeandika makala yake, miaka ishirini iliyopita, kalamu zilipokuwa bado na wino. Hakuwa ameandika mengi: menya, loweka siku nne mpaka ulainike wenyewe, kamua, anika ukauke kabisa, ndipo utwange. Isipungue siku nne, maana sumu yake haitoki kwa haraka. Makala ikapewa Mbegu na Ufito, ikakaa zake pembeni, haikumdhuru mtu. Kisha akapita mpenda usafi mmoja, akaona zile siku nne hazina tanbihi. Akazifuta. Badala yake akaandika siku moja, maana hiyo aliikuta kwenye kitabu cha msafiri fulani aliyewahi kulipitia bonde lile juu ya punda, na kitabu kinaweza kuwekewa tanbihi, kinywa cha mama hakiwezi. Makala ikafungwa pazia miaka yake tisa. Mwaka juzi ilifunguliwa, na kwa ajili ya ile tanbihi ikapandishwa kutoka Mbegu hadi Mche.

Watu wa Bondeni wenyewe hawakuwa na haja ya kusoma namna ya kula chakula chao. Lakini mwaka ule aliokuja Jumbani ukame ulikuwa umewashusha watu wa milimani, wakulima wa mahindi, jamaa zaidi ya mia, na Bonde likawapa mashamba ya muhogo mchungu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuwapa. Bi Somoe aliwaambia siku nne. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwonyesha nakala yao yenye muhuri, wakamwambia kwamba yeye hana kibao. Wawili walikuwa wamekwisha kukakamaa miguu. Mavuno makubwa yangeanza Ijumaa.

Hakutaka mengi. Alitoa kwenye upindo wa nguo yake kichupa kidogo cha wino aliouchemsha mwenyewe. Angeingia, angefuta neno moja na kuandika moja, na mkadiriaji angetundika Boriti papo hapo. Nakala ingeondoka alasiri ile kwa farasi, Alhamisi ingekuwa imefika.

Zamu ilikuwa ya Nandonde. Shaweji alimgeukia akamwuliza swali la sheria, kama kawaida, kama mtu anavyouliza unatia sukari vijiko vingapi. Je, mkadiriaji analijua jambo hili?

Alilijua. Alizaliwa Nambaya, ambako muhogo mchungu ndio ugali, ndio uji, ndio kila kitu. Mama yake alikuwa akiuloweka kwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba, na ule uvundo wake ulikuwa haukai nyuma ya nyumba. Uliingia kwenye mashati, ukaenda nayo shuleni. Watoto wa watumishi wa serikali walikuwa wakiziba pua akipita, na mwalimu mmoja aliwahi kumhamishia dawati la dirishani, akicheka. Alipokwenda chuo alisema kwao wanakula wali. Alilisema hilo miaka mingi hata mkewe akawa analiamini. Na mdogo wake Ausi alitembea kwa magongo mawili tangu akiwa na miaka saba, kwa sababu mwaka wa njaa mama yao alishindwa kungoja siku ya nne. Ausi alikufa na magongo yake. Nandonde hakuna alichokijua duniani kwa uhakika kuliko hesabu ya siku hizo.

Barazani wenzake walikuwa wameanza kutoa leso za kuziba pua. Mmoja aliuliza kama chakula hicho watu hukila kweli au hukitupia nguruwe, na wengine wakacheka kicheko cha watu waliosoma, cha puani. Kofia ya buluu ilikuwa kichwani pake. Alifikiri, na hilo alilirudia mara kadhaa alipokuwa akisimulia, kwamba akisema analijua sheria itamwondoa na mama yule hatafaidika. Heri aseme halijui, kisha atundike Boriti. Ilikuwa hoja nzuri. Alikuwa mwalimu, hakukosa hoja.

"Silijui," alisema.

Shaweji akaitikia kwa kichwa, akamsogezea mfuko. Kisha akamwinamia sikioni, kwa upole wake uleule, akamwambia kwamba Boriti anaruhusiwa kabisa kutundika, asiogope. Ila kesho Baraza la Wakadiriaji litapenda kusikia ni nini hasa kilichomvuta mtu wa elimu yake kwenye jambo kama hili. Nandonde aliiona hiyo kesho. Aliona nyuso, akaona leso, akajiona amesimama mbele yao na shati lake la shule.

Mkono uliingia mfukoni ukatoka na kibao cha Ufito.

Bi Somoe alikitazama kibao. Alikuwa amebakiwa na mambo mawili, na yote mabaya. Akisahihisha, pazia litashuka miaka tisa, na wageni wa Bondeni watapika wanavyobuni. Asiposahihisha, siku moja itaendelea kusomwa. Alikirudisha kichupa chake cha wino upindoni, akainuka, akafunga vizuri kitambaa cha kikapu ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua.

"Mwanangu," alimwambia Nandonde, na hakupandisha sauti, "mimi nilipotua kikapu hiki kilikuwa kimefungwa. Wenzako wametoa leso baada ya kuambiwa ni kitu gani. Wewe uligeuza uso kabla sijasema neno. Asiyeijua harufu hii huuliza ni ya nini."

Hakungoja jibu. Alisema atarudi kwa miguu akawaambie tena kwa mdomo, akawaaga wote kama alivyowasalimia, akaondoka. Shaweji alisema watu wa mabondeni wana misemo ya ajabu, na kahawa ikaongezwa. Nandonde aliinywa. Ilimshuka kama mchanga, lakini aliinywa mpaka mwisho, akaombwa kutoa maoni yake kuhusu kishada, akayatoa.

Wiki tatu zilizofuata alizipitisha Jumbani akikadiria. Alijiambia kwamba huenda mama yule alipata punda njiani, huenda wageni wale walisikia, huenda mwaka ule muhogo wenyewe haukuwa mkali. Hakumwuliza mtu habari za Kusini. Akiona mpanda farasi anashuka kutoka upande huo alikuwa na kazi ya haraka chumba cha mbali. Katika siku hizo Baraza lilimwandikia makala yake mwenyewe, Hassani Nandonde, Mkadiriaji Mgeni, yenye picha akiwa na kofia, likaipa Mti na Nguzo. Ilikuwa imeandikwa kwamba amekulia kwenye nyumba ya wali. Yeye ndiye aliyewaambia, na kulikuwa na tanbihi.

Habari zilifika zenyewe, mwishoni mwa mwezi. Watu kumi na mmoja wa jamaa zilizohamia Bondeni walikuwa wamekakamaa miguu, wengi wao wanawake na watoto, kwa kuwa hao ndio waliokula muhogo zaidi na kila kitu kingine pungufu. Jumba lilichangamka. Wengine walisema ni kumi na mmoja, wengine tisa, wengine wakasema habari yenyewe haina chanzo. Shaweji alimjia Nandonde uso umenawiri. Alimpongeza. Alisema ubishi ukiendelea hivi, makala ya muhogo mchungu itafika Boriti kabla ya mwezi ujao, na kwamba mkadiriaji aliyetundika kibao kabla ya ubishi hutajwa kwa jina.

Nandonde aliomba Baraza likae. Walikaa siku hiyohiyo, maana yeye alikuwa Nguzo. Alisimama mbele yao, akavua kofia akaiweka mezani. Aliwaambia alikuwa analijua jambo lile siku ile alipoulizwa. Alisema amekula muhogo mchungu tangu ameota meno, kwamba alinuka muhogo shule nzima, kwamba mdogo wake alilemaa kwa siku moja iliyopungua. Alisema alidanganya kwa sababu aliona haya mbele yao, na kwamba sasa anawaonea haya watu wa Bondeni. Aliomba kitu kimoja: neno lile libadilishwe leo, farasi aondoke leo.

Shaweji alimshukuru kwa ukweli wake, akaonekana kuguswa, na Nandonde anaamini kwamba aliguswa kweli. Kisha karani akafungua Sheria ya Upendeleo, akasoma kwa sauti. Kibao kilichotundikwa na mtu anayelijua jambo ni batili tangu kilipotundikwa. Makala iliyo na kibao batili haina kibao. Na ubishi wote uliotokea juu ya makala isiyo na kibao hauhesabiki. Mtu mmoja alinyosha mkono, Nandonde akadhani anataka kupinga. Alitaka kujua kama picha ya mgeni yenye kofia ibaki au itolewe. Walilijadili hilo hadi jua likashuka dirishani. Wakati huo karani mwingine alikuwa amekwisha kwenda chumba cha makala za chakula, na Nandonde akasikia, kupitia ukuta, pete za pazia zikikwaruza chuma.

Aliondoka siku ya pili yake kwa miguu kwenda Kusini. Hakujua anakwenda kufanya nini. Ila alijua kwamba kurudi nyumbani moja kwa moja asingeweza.

Bi Somoe alimkuta amesimama ukingoni mwa uwanja wake, na kijifurushi mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alikuwa na mapipa sita yamejaa, na wanawake wanne wakimenya. Alimpa kisu, akamwonyesha kiti kidogo. Nandonde aliketi akamenya. Mikono ilikumbuka kila kitu: pale pa kuchanja, jinsi ya kubandua ganda la ndani kwa kidole gumba bila kulikata. Watu waliokuwa wakimtazama waliona mara moja kwamba hakujifunza kazi ile jana.

Bi Somoe hakuwa amepata punda. Alifika siku nane baada ya kuondoka Jumbani, mavuno yakiwa na siku ya sita. Wale waliokuwa wamekwisha kula alikuwa hana la kuwafanyia. Waliobaki walimwamini, si kwa sababu alikuwa amepata kibao, ila kwa sababu walikuwa wameona miguu ya wenzao.

Mmoja wa hao alikuwa kwenye mkeka karibu na mapipa, ameegemea ukuta, miguu ameinyosha mbele yake kama si yake. Aliitwa Asumini, mwanamke wa milimani, labda wa miaka ishirini na miwili, na mwanawe alikuwa akijifunza kusimama kwa kushika bega lake. Alikuwa akikata vipande vya kuanika. Baada ya muda alimwuliza Bi Somoe huyu baba ni nani.

"Mgeni," alisema Bi Somoe. "Ametoka Jumbani. Muhogo wetu anaujua tangu mdogo."

Asumini aliacha kukata. Alimtazama Nandonde, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Nandonde anasema angeweza kuivumilia hasira.

"Anaujua," alisema Asumini. "Kumbe kule kulikuwa na mtu anayeujua. Mbona hamkutuambia, baba?"

Wanawake waliendelea kumenya, lakini polepole. Bi Somoe hakumsaidia. Nandonde alitafuta hoja. Zilikuwa zimemwishia, au zilikuwepo nyingi na zote zilikuwa na tanbihi.

"Niliona haya," alisema.

"Haya ya nini?"

Alikielekeza kisu kwenye mapipa. "Ya harufu."

Asumini alinyanyua uso, akavuta hewa kwa pua, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kinaungua mahali. Alivuta tena. Kisha akamgeuzia Nandonde macho ya mtu anayetaka kweli kuelewa, akasema yeye hasikii harufu yoyote mbaya, inanuka chakula tu. Mtoto aliteleza begani kwake, akamdaka, akamsimamisha tena. Nandonde akainama, akaendelea kumenya.